Meli iliyozama mara mbili: waandishi watano na mistari miwili ya krediti

Studio imetuma pendekezo lake la krediti, yaani majina ya waandishi yatakayoonyeshwa kwenye filamu, na kati ya watu watano waliowahi kuishika skripti ni mmoja tu aliyeridhika. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na mikataba, rasimu, na watu ambao kila mmoja kwa nafsi yake aliamini kwamba filamu ni yake.

Filamu yenyewe na wahusika wake ni vya kutungwa, ili kila kanuni ipate pa kushika. Kanuni si za kutungwa. Ni za WGA, chama cha waandishi wa filamu na televisheni cha Marekani, ambacho pamoja na chama kilichokitangulia kimekuwa kikiamua krediti za uandishi tangu 1941. Studio iliyosaini mkataba na chama hicho haina kauli ya mwisho kuhusu nani aandikwe kuwa mwandishi. Kazi yake ni kupendekeza.

Tutawaita waandishi kwa herufi, kwa mpangilio wa nani aliandika kwanza. Wasuluhishi, yaani wasomaji wanaopewa na chama kuamua krediti zenye ubishi, nao huwajua hivyo hivyo: Mwandishi A, Mwandishi B, bila majina.

A aliandika skripti asilia ya kurasa 112 bila kuagizwa na mtu, akaiuza. Mkaguzi wa madai ya bima, mwanamume anayekaribia kustaafu, anakuta katika makabrasha kwamba meli moja imelipiwa fidia ya kuzama mara mbili, malipo yakiachana kwa miaka tisa. Anaifuatilia meli, anagundua kwamba mwajiri wake mwenyewe ananufaika, na mwisho anachoma makabrasha na kunyamaza.

B aliajiriwa kuiandika upya na akatoa rasimu mbili. Alihamishia kisa kwenye majira ya baridi, akamwongezea mkaguzi ndugu mlevi, akamwingiza askari mpelelezi. Ndugu alifutwa baadaye. Askari alibaki katika maonyesho matatu.

C na D ni timu: wanaandika pamoja, wameajiriwa pamoja. Walitoa rasimu tatu. Mkaguzi akawa mwanamke, akapewa binti anayefanya kazi upande wa wenye meli, na theluthi ya mwisho ikajengwa upya kutoka chini. Mama hachomi kitu. Anataka kunyamaza, na binti ndiye anayetoa ushahidi.

E ni mwongozaji, na wiki sita kabla ya kurekodi alisaini pia mkataba wa uandishi. Alibadilisha karibu majina yote ya wahusika, akaandika upya majibizano mengi, na akaongeza mfukuzano wa bandarini wenye kurasa saba.

Studio ikapendekeza hivi:

Hadithi: A
Skripti: E na C & D

A anataka kuingia kwenye mstari wa skripti. B anataka chochote. C na D wanasema hadithi pia ni yao kwa nusu. E ndiye aliyeridhika, na E ndiye ambaye nafasi yake ilikuwa dhaifu kuliko ya wote.

Mstari upi unasema nini

Krediti ya hadithi hutolewa kwa maandishi yaliyo tofauti na skripti: masimulizi ya msingi, wazo, dhamira au muhtasari unaoonyesha mwenendo wa matukio na ukuaji wa wahusika. Krediti ya skripti ni ya maonyesho yenyewe na majibizano, jinsi yalivyo katika skripti ya mwisho. "Imeandikwa na" si daraja la tatu wala si heshima kubwa zaidi. Ni hizo mbili zikikutana: mwandishi au waandishi wale wale wanapostahili hadithi na skripti, na hakuna kitabu au kazi nyingine ya kisimulizi iliyotumika kuwa chanzo, mistari miwili hukunjwa kuwa mmoja.

Kwa hiyo "Imeandikwa na" ilikuwa haiwezekani katika filamu hii tangu C na D walipofika, isipokuwa kama orodha ya hadithi na ya skripti zingelingana jina kwa jina. Watu wengi hukosea hapa. Huona mtu ana hadithi na sehemu ya skripti, wakamwandikia "Imeandikwa na A, pamoja na C na D". Mstari kama huo unachanganya kazi mbili ambazo hazikugawanywa kwa namna moja.

Kuna mistari mingine ambayo haikuhitajika hapa, lakini ingehitajika kama A angeitoa hadithi yake kwenye riwaya. Kwanza kungekuwa na mstari wa chanzo, "Imetokana na riwaya ya" fulani. Pili, krediti ya kawaida ya hadithi isingekuwapo, maana hadithi ni ya mwandishi wa riwaya. Ingeweza tu kutolewa "hadithi ya skrini", nayo ni kwa aliyeichukua kazi chanzo na kujenga juu yake hadithi mpya kwa kiasi kikubwa. Mistari ya "Imerekebishwa na" ipo katika kanuni, ila hutolewa kwa nadra mno, na kwa uamuzi wa wasuluhishi pekee.

Sasa alama &. Studio iliiandika sahihi: kati ya C na D kuna &, kati yao na E kuna neno "na". Alama hiyo maana yake ni timu iliyoandika kwa pamoja, nayo huhesabiwa kama mwandishi mmoja. Neno "na" maana yake ni watu au timu zilizoandika kwa nyakati tofauti, kwa kawaida mmoja akiandika juu ya kazi ya mwenzake. Ukitaka mfano wa kweli ulio wazi, tazama Fear and Loathing in Las Vegas ya 1998: majina manne, timu mbili. Terry Gilliam & Tony Grisoni upande mmoja, Tod Davies & Alex Cox upande wa pili, na neno "na" katikati likibeba ugomvi uliomfanya Gilliam ajitoe kwenye chama. Atakayefasiri orodha hiyo kwa Kiswahili na kuweka "na" kila mahali, kwa kuwa sarufi yetu haina haja ya alama, amefuta habari nzima.

Kwa nini kesi ilikwenda kwa wasuluhishi yenyewe

A aliandika barua ya pingamizi haraka, na alifanya vyema, kwa kuwa muda unaotajwa kwenye notisi ya krediti za awali, yaani barua ya studio yenye pendekezo lake, ni wa siku chache za kazi na ukipita pendekezo huwa la mwisho. Lakini hata kama angelala, kesi hii ingekwenda. E ni mwongozaji. Mwongozaji au mtayarishaji anapopendekezwa kuwa mwandishi pamoja na waandishi wengine, usuluhishi huanza bila mtu kuuomba. Sababu yake ni rahisi: aliye na mamlaka juu ya filamu ana nafasi ya kujiandika upya ndani ya skripti hadi jina lake liingie, na mwandishi aliyeajiriwa naye hana ubavu wa kumpinga.

Notisi yenyewe hutumwa kwa kila mwandishi mshiriki, si kwa waliopendekezwa tu, na huambatana na skripti ya mwisho. B aliipata. Hili ni jambo ambalo kampuni ndogo huliharibu mara kwa mara: humtumia notisi anayetajwa na kumsahau aliyeandika rasimu moja miaka minne iliyopita. Mwandishi aliyerukwa akijitokeza baadaye, mlolongo wote hurudi nyuma.

Baada ya pingamizi, kila maandishi ya kila mwandishi hukusanywa kwa mpangilio wa tarehe. Rasimu isiyo na tarehe ni mwiba. B alikuwa nayo moja: faili iliyoitwa "mpya_mwisho_2", na C na D walidai waliiona baada ya wao kuanza. Mvutano wa aina hiyo, kuhusu nini kiliandikwa lini na nani, hausuluhishwi na wasomaji wa kesi. Husikilizwa kwanza na jopo jingine kabla ya usuluhishi, kisha ndipo mafurushi hupelekwa. Barua pepe ya B iliyobeba faili ndiyo iliyomwokoa. Mwandishi anayetuma kila rasimu kwa barua pepe siku ile ile anapoimaliza, hata kama ameiwasilisha kwa mkono, amejinunulia ushahidi bure.

Waandishi hupewa orodha ya wanaoweza kuwa wasuluhishi na huruhusiwa kuwakataa kadhaa. Wanaobaki watatu husoma wakiwa mbalimbali, bila kujuana, na majina yao hubaki siri.

Mizani: 33 na 50

Hapa ndipo A alikuwa na turufu ambayo hata yeye hakuijua. Skripti yake ilikuwa asilia. Kwenye filamu isiyo ya asilia, kwa mfano iliyotoka kwenye kitabu, mwandishi yeyote ambaye mchango wake unazidi asilimia 33 ya skripti hustahili krediti ya skripti. Kwenye skripti asilia, mwandishi wa kwanza hubaki na kiwango hicho, ila kila anayemfuata, awe mtu mmoja au timu, lazima mchango wake ufike asilimia 50.

Piga hesabu uone maana yake. Wafuasi wawili wakitaka kuingia pamoja, kila mmoja lazima awe na nusu, na A lazima awe hana kitu. Pendekezo la studio, E na C & D bila A, lilikuwa likidai kimyakimya kwamba kati ya kurasa 112 za A hakukubaki chochote cha kuhesabika. Mtu hahitaji kusoma skripti kuona kwamba dai hilo ni gumu kulithibitisha.

Asilimia hizi hazipimwi kwa rula. Wasuluhishi huangalia mambo manne: ujenzi wa kitamthilia, maonyesho mapya na tofauti, wahusika na mahusiano yao, majibizano. Mwongozo wa chama unakumbusha kwamba imewahi kutokea kila mstari wa majibizano ukabadilishwa na bado wasuluhishi wasione badiliko la maana katika skripti kwa ujumla, na kwamba kinyume chake, badiliko la sehemu moja linaweza kuwa zito kiasi cha kugusa skripti nzima.

Skripti ya mwisho ina maonyesho 96. Ukiyafuatilia moja moja, 38 yana asili kwa A, 3 kwa B, 44 kwa C na D, 11 kwa E. Ukigeuza kuwa asilimia, A ana karibu 40, na C na D wana karibu 46, chini ya nusu. Kama wasuluhishi wangehesabu maonyesho kama mbuzi, C na D wangeanguka na A angebaki peke yake kwenye mistari yote miwili. Filamu ingekuwa "Imeandikwa na A".

Haikuwa hivyo, na sababu yake ni lile jambo la tatu kati ya manne, wahusika na mahusiano yao. Uhusiano wa mama na binti hauko katika maonyesho 44 peke yake. Umeingia ndani ya yale 38 ya A. Onyesho la mkaguzi akikuta hati ya pili ya fidia lipo tangu rasimu ya kwanza, ofisi ile ile, kabrasha lile lile, lakini katika rasimu ya A mtu yule anaogopa kupoteza pensheni. Katika rasimu ya mwisho mama anaona sahihi ya binti yake chini ya karatasi. Tukio ni la A. Uzito wake ni wa C na D. Katika ujenzi, A ana theluthi mbili za mwanzo kwa sehemu kubwa: ugunduzi, ufuatiliaji, mwajiri kufichuka. C na D wana theluthi ya mwisho yote. Katika majibizano, A karibu hana kitu; yamegawanyika kati ya C na D na E. Ukiweka vyote pamoja, wasuluhishi wawili waliiona timu imevuka nusu na A amevuka theluthi. Wa tatu aliona A amekwama karibu na 30. Wasipokubaliana wote, wasuluhishi huzungumza kwa simu ya pamoja, bado bila majina, na kisha walio wengi huamua.

Ombi la C na D la kugawiwa hadithi lilikataliwa. Mtu anaweza kubishana na hilo, na sisi tunaona ndiyo sehemu ya uamuzi yenye utata zaidi: mwisho unaogeuka kutoka kunyamaza hadi kutoa ushahidi unagusa dhamira, na dhamira imo katika fasili ya hadithi. Lakini masimulizi ya msingi, yaani meli, fidia mbili, mkaguzi anayemwinda mwajiri wake, yalikuwa yamekamilika kwa A. Jambo moja halikuwa na mjadala hata kidogo: A asingeweza kukosa hadithi. Mwandishi wa skripti asilia hana chini ya kugawana krediti ya hadithi, hata skripti yake ikiandikwa upya neno kwa neno.

Kurasa za rangi za E

E aliambatanisha hoja moja aliyoiona ya kukata maneno: zaidi ya nusu ya skripti ya mwisho ni kurasa za rangi, na kurasa za rangi ni zake.

Asiyewahi kukaa kwenye maandalizi ya kurekodi aelezwe. Skripti ikishafungwa namba za kurasa, mabadiliko hayatolewi kwa kuchapa yote upya. Hutolewa kurasa zilizobadilika tu, kwa karatasi ya rangi: toleo la kwanza jeupe, mabadiliko ya kwanza ya bluu, kisha waridi, njano, kijani na kuendelea. Nyota pembeni kulia huonyesha mstari uliobadilika. Ukibadilisha jina la mhusika mmoja mkuu, karibu kila ukurasa anaotajwa utatoka upya kwa rangi mpya. E alibadilisha majina ya karibu wahusika wote. Ndiyo maana skripti yake ilikuwa na rangi za upinde wa mvua.

Msuluhishi anayejua kazi hafuati rangi, hufuata nyota. Akizifuata hapa anakuta majina, maeneo, na majibizano yaliyokazwa. Mfukuzano wa bandarini ni mpya kweli, ila unaanza mkaguzi akitoka bandarini na unaisha akiwa amefika pale pale alipokuwa anakwenda katika rasimu ya C na D. Ukiutoa, hakuna kinachoanguka. Mengine aliyoyataja E yalikuwa yametokea wakati wa kurekodi: mwigizaji alibuni mstari, onyesho likahamishiwa kwenye mvua, mwisho ukafupishwa mezani kwa mhariri. Hayo ni kazi ya uongozaji. Kinacholinganishwa ni maandishi, na kigezo ni skripti ya mwisho. Kipaji cha E kinaonekana katika filamu nzima, na hakikuwa na mahali pa kuingia katika mizani hii.

Maelezo aliyoandika kila mmoja kwa wasuluhishi yalikuwa na tofauti ya kufundisha. E aliandika kurasa tisa kuhusu usiku aliokesha. B aliandika kwamba mtayarishaji alimwambia rasimu yake ndiyo iliyoleta fedha, jambo ambalo hata likiwa kweli halipimwi, kama ambavyo malipo na urefu wa muda havipimwi. A aliandika kurasa nne: kila onyesho lake lililobaki, ukurasa katika rasimu yake, ukurasa katika skripti ya mwisho, na mstari mmoja wa kinachofanana. Alikiri waziwazi kwamba majibizano si yake. Msomaji anayeona mtu anakiri anachokosa humwamini anapodai anachostahili.

Uamuzi ukatoka:

Hadithi: A
Skripti: C & D na A

C na D wametangulia kwa sababu majina hupangwa kwa uzito wa mchango; wasuluhishi wasipoweza kuutofautisha, hufuatwa mpangilio wa nani aliandika kwanza. B na E hawakuingia kwenye mistari hii. Tangu wanachama walipopiga kura 2021, filamu za sinema zina krediti ya mwishoni kwa waandishi washiriki walioachwa nje, nayo tunaiita hapa "maandishi ya ziada". Ni utambulisho tu. Haileti malipo ya marudio wala haki nyingine.

E aliomba mapitio. Bodi ya mapitio ipo, na dirisha lake ni fupi, lakini huangalia utaratibu: je, kuna maandishi yaliyosahauliwa, kanuni iliyosomwa vibaya, shinikizo kwa msuluhishi? Haisomi skripti ili kupima upya. E hakuwa na kosa la utaratibu la kuonyesha.

Fedha zinavyofuata alama

Malipo ya marudio, yanayolipwa filamu inapouzwa baada ya sinema, hugawanywa kwa uzito wa krediti: hadithi 25%, skripti 75%. Hapa A anachukua 25 za hadithi. Zile 75 zinagawanywa kati ya wawili, timu ikiwa mmoja: 37.5 kwa A, 37.5 kwa timu. A anaishia na 62.5. C na D kila mmoja ana 18.75.

Weka "na" kati ya C na D kwa makosa. Sasa ni waandishi watatu, kila mmoja 25, na A ameshuka hadi 50. Herufi moja imehamisha sehemu ya nane ya fedha yote. Hii ndiyo sababu msahihishaji wa kadi za majina hupaswa kuiogopa alama hiyo kuliko jina lililokosewa herufi.

Hadithi inabeba jambo jingine kubwa kuliko robo yake: haki zilizotengwa. Mwenye hadithi asilia hubaki na haki kama za uchapishaji na jukwaa, kwa masharti, na hulipwa filamu ya mwendelezo au tamthilia inapotengenezwa. Ndiyo maana C na D waliipigania robo ile kwa nguvu kuliko walivyopigania nafasi ya kwanza kwenye mstari.

Swali moja huulizwa sana siku hizi. Je, kama studio ingewapa C na D rasimu iliyotolewa na programu ya akili bandia badala ya rasimu ya B? Mkataba uliofikiwa 2023, baada ya mgomo wa siku 148, unajibu: maandishi ya programu hayahesabiwi kuwa maandishi ya mwandishi wala kazi chanzo. Yasingempunguzia mtu asilimia, wala yasingegeuza skripti asilia kuwa ya kutokana na chanzo.

Filamu inapogeuka tamthilia

Tuseme studio inaifanya filamu hii kuwa tamthilia ya episodi nane. F anaajiriwa kuwa mkuu wa mfululizo na anaandika episodi ya kwanza. Anataka "Imebuniwa na F" kila wiki. Hataipata. Krediti ya ubunifu wa mfululizo hufuata haki zilizotengwa za mfululizo, na hapa dunia, mkaguzi na meli vimetoka kwenye filamu. Kinachofaa ni "Imeendelezwa na F", ambayo nayo haiandikwi kiholela, huombwa na kukubaliwa, pamoja na mstari unaotaja filamu kuwa chanzo.

Krediti za mfululizo na krediti za episodi ni ngazi mbili, na kuzichanganya ndilo kosa la kila siku. "Imebuniwa na" na "Imeendelezwa na" ni za mfululizo mzima. Hadithi, skripti ya televisheni na "Imeandikwa na" ni za episodi moja moja.

Chukua episodi ya tano. Waandishi saba wa mfululizo wamekaa katika chumba cha waandishi siku tisa wakipanga kisa ubaoni. H ndiye aliyesema, kwa mdomo, kwamba meli ya tatu iwepo, na ndilo wazo lililoibeba episodi. G akapewa kuandika muhtasari na rasimu mbili. F akaiandika upya sana kabla ya kurekodi. H hana krediti ya episodi hii, kwa kuwa kusema si kuandika. Mshahara wake wa chumbani ndio malipo ya sauti yake. G ana hadithi. Kwenye skripti ya televisheni ni "G na F", wala si "G & F", hata kama wamekaa meza moja miezi sita. Kuandika chumba kimoja hakufanyi timu. Kwa desturi wakuu wengi wa mfululizo huandika upya na kumwachia aliyeanza krediti yote. F akiamua hivyo, episodi itasomeka "Imeandikwa na G", na hiyo ndiyo itakayokuwa krediti sahihi.

Vyeo vya ajira navyo havimo. Mwandishi wa chumbani, mhariri wa hadithi, mhariri mwandamizi wa hadithi, kisha ngazi za utayarishaji hadi mtayarishaji mkuu: wote wanaweza kuwa waandishi kwa kazi, na majina yao hupita skrini kila episodi, lakini si krediti za uandishi wa episodi hiyo. "Mhariri wa hadithi" ndicho kinachodanganya zaidi. Hakina uhusiano na mstari wa hadithi.

Kuingiza kwenye orodha

Anayejaza hifadhidata ya filamu anahitaji, mbali na jina na aina ya krediti, namba tatu: mstari, kundi, na nafasi ndani ya kundi. Kundi ndilo linalolinda & na "na" zisipotee. Filamu yetu huingia hivi:

A, hadithi: mstari 1, kundi 1, nafasi 1
C, skripti: mstari 2, kundi 1, nafasi 1
D, skripti: mstari 2, kundi 1, nafasi 2
A, skripti: mstari 2, kundi 2, nafasi 1

A ameonekana mara mbili, na si marudio ya kufutwa. B na E huingia chini ya maandishi ya ziada, pahali pao. Kuwaandika "hawakutajwa" ni uongo, maana wametajwa, na kuwapandisha kuwa waandishi wa skripti ni uongo mwingine. Jina la kalamu huingizwa kama lilivyo skrini, mtu halisi akiunganishwa nyuma yake: David Mamet yumo katika Ronin ya 1998 kama Richard Weisz, na atakayelibadilisha jina kwenye mstari amekwenda kinyume na kadi. H haingii popote kwenye episodi ya tano.

Krediti inaweza kusahihishwa hata baada ya miongo. Dalton Trumbo, aliyefungiwa kazi enzi za orodha nyeusi ya Hollywood ya walioshukiwa ukomunisti, alirudishiwa na chama krediti yake ya Roman Holiday ya 1953 mwaka 2011. Katika hali kama hiyo ingizo jipya hubeba maelezo ya marekebisho, na kadi ya awali haifutwi kwenye historia, kwa sababu nakala za zamani bado zinazunguka zikiwa na jina la mwingine.

Jambo hilo hilo hutokea kwa kiwango kidogo katika kisa chetu. Nakala ya filamu ilipelekwa kwenye tamasha kabla ya uamuzi, ikiwa na E kwenye mstari wa skripti, na kijitabu cha wanahabari kilichapishwa siku hizo hizo. Atakayenakili kijitabu atamweka E na kumtoa A. Kadi ya skrini ya toleo lililotolewa kwa umma ndiyo inayoingizwa. Nakala ya tamasha huwekwa kama maelezo, pamoja na tarehe yake.